Ukuta wa nyuma wa tangi la samaki wa maji ya chumvi: ununue nini, uache nini

Mwenye haraka achukue jibu hapa hapa: nunua povu la kupuliza, karatasi ya plastiki ya vijumba, gundi ya silikoni isiyo na dawa ya ukungu na mchanga mkavu wa matumbawe, kisha jenga mwenyewe ukuta wa pambo unaofanana na mwamba, ndani ya tangi. Hiyo ndiyo namba moja yangu, na sababu zinafuata.

Kabla ya kwenda dukani, jua kwamba rangi ya ukuta si kazi yako. Tangi la chumvi likishatulia na kalsiamu ikawa ya kutosha, mwani wa chokaa huanza kwa vidoa. Ni ule mgumu wa zambarau na waridi unaouona mwambani maji yakitoka. Baada ya miezi kadhaa umepanda kwenye pampu, kwenye kioo na kwenye huo ukuta wako. Nimeona watu wakitoa pesa nzuri kwa rangi tatu nne na brashi za kila saizi, kwa kazi ambayo mwaka ukiisha haionekani tena. Pesa iwekwe kwenye mambo mawili tu: ukuta usitoe sumu, na usichomoke.

Hilo la kuchomoka wengi hulidharau. Chukua tangi la urefu wa mita 1, upana sentimita 50 na kimo sentimita 50. Ukiweka mgongoni ubao wa stairofomu, lile povu gumu jeupe, wa unene wa sentimita 5, umezamisha lita 25 za kitu kisicho na uzito wa maana. Lita moja ya maji ya bahari ni kama kilo 1.025. Maana yake ukuta huo unasukumwa juu kwa nguvu ya karibu kilo 25, usiku na mchana, na kinachoushikilia ni gundi peke yake. Kona moja ikilegea, unaruka na kuangusha mawe yote uliyoegemeza. Halafu zile lita 25 zimetoka kwenye 250 za tangi, yaani sehemu ya kumi ya maji ya samaki imekwenda kwenye pambo. Kwa hiyo hata ukuta ulio bora, uwe mwembamba: sentimita 2 au 3 kwa sehemu kubwa, na vinundu vichache tu vinavyotokeza.

1. Povu la kupuliza juu ya karatasi ya vijumba

Karatasi ya vijumba ni ile plastiki nyeupe yenye miraba midogo midogo inayofunika taa za dari za ofisini. Saizi ya kawaida ni sentimita 60 kwa 120, hivyo moja inatosha mgongo wa tangi la mita. Inakatwa kwa koleo, haiozi, na povu likipulizwa juu yake hupenya kwenye miraba na kujifunga upande wa pili. Ndiyo maana naiweka mbele: povu lililopulizwa moja kwa moja kwenye kioo kikavu linashika leo, lakini kwenye kioo laini kama kile siku moja litaachia. Karatasi unaibandika kwenye kioo kwa silikoni mwishoni, na povu linaishika karatasi.

Povu ni lile la kopo la mililita 750, wanalotumia mafundi wa aluminiamu kuziba mapengo ya fremu za madirisha. Kwa tangi la mita, makopo mawili yanatosha. Lipo jeusi linalotengenezwa kwa ajili ya mabwawa ya bustani, na ukilipata chukua hilo, kwa sababu mchanga ukibanduka mahali fulani pataonekana kivuli badala ya kidonda cha njano. La kawaida la krimu nalo linafaa likikauka kabisa hadi ndani. Lile la waridi la kuzuia moto, liache. Puliza nje ya nyumba, vaa glavu, usivute ule mvuke, na puliza tabaka jembamba jembamba. Povu hukauka kwa unyevu wa hewa, na ukilirundika nene sehemu moja, ganda linakauka huku kiini kikibaki kibichi. Subiri siku nzima, kisha chonga kwa kisu mpaka lile ganda laini litoke na matundu yaonekane.

Silikoni ndiko pesa nyingi hupotea. Utafika Kariakoo au Gerezani, muuzaji atakunyooshea bomba na kukwambia, "Chukua hii bosi wangu, ndiyo wanayochukua mafundi wote." Ni kweli wanaichukua, kwa bafu. Silikoni za bafuni na jikoni nyingi zimetiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa inayoua ukungu haina urafiki na viumbe wa tangi. Geuza bomba usome maandishi madogo. Likitaja kuzuia ukungu kwa namna yoyote, lirudishe, hata kama ni nusu bei. Unayoitaka ni silikoni tupu asilimia 100, ile inayonuka siki ikiwa mbichi, na bora zaidi ile iliyoandikwa wazi kuwa ni ya akwariamu. Nunua nyeusi au kahawia. Hesabu ya kiasi ni nyepesi: bomba la mililita 300 likipakwa unene wa milimita 1 linafunika theluthi ya mita mraba, na kidogo chini ya hapo. Mgongo wa mita 1 kwa nusu mita ni nusu mita mraba, ongeza mashimo na vinundu, beba mabomba matatu ya kupakia na moja la kubandikia.

Povu halipaswi kubaki wazi. Mwanga mkali hulifanya liwe la njano na kumomonyoka, ndiyo sababu ya mchanga. Laza ukuta chini, paka silikoni eneo la viganja viwili kwa kidole chenye glavu, ukisugua mpaka iingie kwenye vitundu, kisha mwaga mchanga mwingi kuliko unavyodhani unahitajika na uukandamize kwa kiganja. Usipake eneo kubwa kwa mara moja, maana kwa joto letu silikoni hufanya ngozi ndani ya dakika chache, na ngozi ikishafanyika mchanga haushiki. Changanya mchanga mnene na chengachenga za kombe. Mchanga laini mtupu hutoa ukuta unaofanana na msasa. Kesho yake usimamishe, upigepige mgongoni ili uliolegea uanguke, kisha urudie penye upara. Acha wiki nzima mpaka harufu ya siki iishe kabisa.

Udhaifu wake? Yule kiumbe wa baharini wa miiba mirefu myeusi anayechoma miguu mwambani, ukimfuga, atatafuna ukuta huu mpaka povu lionekane. Ukimtaka yeye, nenda namba mbili.

2. Vipande vya jiwe la matumbawe ya kale

Kwa sura, hakuna kinachoufikia. Ni jiwe lenyewe, lina matundu ya kweli, bakteria wanaosafisha maji wanakaa ndani yake, na ukuta haupaai. Nimelishusha nafasi ya pili kwa ajili ya uzito. Vipande vya unene wa sentimita 2 vikifunika nusu mita mraba ni lita 10 za jiwe, na hapo una kilo 20 hivi. Usivining'inize kwa silikoni. Vipange kuanzia sakafuni, kila kimoja kikalie chenzake, na silikoni ifanye kazi ya kuzuia visiegemee mbele. Mwenye drili atoboe vipande na kuvifunga kwenye karatasi ya vijumba kwa vibanio vya plastiki, si waya wa chuma.

Nunua jiwe kavu la machimbo ya nchi kavu, lile la kujengea. Pwani yetu imejengwa kwa jiwe hili, na Fort Jesus iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593 ni hilo hilo. Ya baharini usiguse. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, karibu na Dar es Salaam, ni hifadhi, na matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka kunataka kibali. Zaidi ya sheria, tumbawe lililong'olewa hai likafa kwenye tangi litaoza na kuua vingine.

Jiwe la machimbo lina vumbi na wakati mwingine fosfati, ambayo ni mbolea ya mwani mbaya wa kijani. Lisugue kwa brashi, liloweke ndoo nzima, badilisha maji mara kadhaa, kisha pima fosfati kabla ya kulipandisha.

3. Stairofomu iliyochongwa na kupakwa saruji

Hii ni rahisi kuliko zote kwa bei, kwani lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la TV mpya ni bure. Linachongeka vizuri kwa kisu chenye moto, na saruji yenye rangi ya oksidi ya chuma hulifanya lionekane mwamba. Nimeiweka ya tatu kwa sababu inabeba kasoro za pande zote mbili: inapaa kama nilivyoeleza, na ina saruji.

Saruji mbichi inapandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kupita 12, wakati samaki wa baharini wanataka 8.1 mpaka 8.4. Dawa yake ni maji na subira. Loweka ukuta kwenye pipa la maji baridi, badilisha kila baada ya siku mbili tatu, na pima kwa kipimo cha matone. Maji yaliyolala na ukuta yakitoa pH sawa na ya bombani, na yakarudia hivyo tena, umemaliza. Ni kazi ya wiki kadhaa. Kuosha kwa siki hakufupishi sana, kwani kunasafisha juu tu. Asiye na pipa la kuzamisha ukuta mzima asianze.

4. Saruji na mchanga peke yake

Inafaa kwa rafu na vipande vidogo, si kwa ukuta. Ni nzito, inapasuka ukiinyanyua, na inataka kulowekwa zaidi kuliko namba tatu.

5. Paneli zilizo tayari kutoka nje

Juwel ya Ujerumani na wengine wanauza paneli za poliurethani zenye sura ya mwamba. Ni salama na ni safi, na ukiwa Ulaya au Ghuba ambako zinapatikana dukani, zipandishe mpaka nafasi ya pili. Huku kwetu utalipa usafirishaji na ushuru kwa kitu chepesi chenye nafasi kubwa, halafu bado utakikata kwa msumeno na kukibandika kwa silikoni ile ile.

Chochote utakachochagua, amua mapema kuhusu nafasi ya nyuma yake. Ama ziba pande zote kwa silikoni maji yasiingie kabisa, ama acha upenyo wa vidole viwili na pampu ndogo isukume maji humo. Ukiacha katikati ya hayo, mabaki ya chakula yatajikusanya mahali mkono haufiki, na siku moja utasikia harufu ya yai viza.

Kama tangi tayari lina maji na samaki, orodha hii yote iweke pembeni. Silikoni haishiki kwenye kioo chenye maji, na kuwahamisha samaki kwa ajili ya pambo si haki. Nunua plastiki nyeusi ya kubandika au kopo dogo la rangi nyeusi, na upake kioo cha nyuma kwa upande wa nje. Rangi haigusi maji. Paka tabaka mbili, na weka taa nyuma uone kama kuna mahali panapopenya mwanga.