Uzoefu Wangu wa Elektrolisisi: Kupanga Ratiba na Gharama Ukiwa Tabora

Ninauza vitenge na mashuka Tabora mjini, na kwa miaka mingi nywele ngumu zimekuwa zikiniota kidevuni na chini ya taya. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wanawake wenzangu wa Tabora na Kigoma wanaotaka kuachana na nywele hizo kabisa, na wanaojiuliza kama huduma ya elektrolisisi, yaani kuua mizizi ya nywele kwa sindano yenye umeme, inayotolewa Dar es Salaam, inaweza kufuatwa na mtu anayeishi mbali kiasi hiki. Inawezekana, ila kinachopaswa kupangwa kwanza ni muda, kwa sababu fedha zote zinakwenda kwa kuufuata muda.

Kabla ya kulipa chochote nilianzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake, kwa kuwa nywele za namna hii mara nyingi zinatokana na homoni, na hali ya ovari kuwa na vifuko vingi vidogo ni miongoni mwa sababu zinazoonekana sana. Hatua hiyo inahusu mfuko wako pia. Sindano inaua kinyweleo kilichopo, yaani kile kitundu cha ngozi ambamo unywele huota. Haiwezi kuzuia homoni kuamsha vingine vilivyolala, na mtu ambaye homoni zake hazijatulizwa atajikuta akilipia nywele mpya mwaka hadi mwaka.

Leza, yaani mwanga mkali wa mashine, niliiacha kwa sababu inatafuta rangi nyeusi iliyomo ndani ya unywele ili iunguze mzizi. Kwa ngozi nyeusi kama yangu, mashine isiyo na mawimbi yanayofaa inaweza kuunguza na ngozi yenyewe, na kwa mvi, ambazo tayari ninazo chache kidevuni, haina cha kukamata. Elektrolisisi haiangalii rangi. Mtoa huduma huingiza sindano nyembamba sana ndani ya kinyweleo, ikiufuata unywele, hupitisha umeme kidogo, kisha huutoa unywele kwa kibano. Njia yenyewe ni ya zamani: Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis nchini Marekani, aliieleza mwaka 1875 kama tiba ya kope zinazoota kuelekea kwenye jicho, na hadi leo mamlaka ya dawa ya Marekani inaitambua kuwa inaondoa nywele zisirudi tena, huku leza ikitambuliwa kuwa inazipunguza tu.

Sasa nije kwenye ratiba. Kila unywele una kipindi cha kukua, kipindi kifupi cha kusita na kipindi cha kupumzika, na vinyweleo haviingii vipindi hivyo kwa pamoja. Sindano hufanya kazi vizuri zaidi kwa unywele unaokua, wakati mzizi wake bado umeshikamana na mishipa midogo ya damu inayoulisha. Nywele unazoziona leo ni sehemu tu ya zilizopo. Nyingine zimelala chini ya ngozi na zitatokeza baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana kazi ya kidevu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, hata kama fedha zote unazo mkononi siku ya kwanza. Sehemu moja niliyoiulizia mwanzoni ilitaka nilipe kwa mkupuo kifurushi cha vikao sita kwa ahadi kwamba baada ya hapo nywele zitakuwa zimekwisha, na nilikataa, kwa sababu hakuna anayeweza kuahidi idadi ya vikao kabla hajaona nywele zinarudi kwa kasi gani.

Kliniki niliyoichagua inatoza kwa muda, na huo ndio utaratibu ninaoupendekeza. Nililipa shilingi 45,000 kwa nusu saa na shilingi 80,000 kwa saa nzima. Kidevu na shingo yangu vilikadiriwa kuhitaji saa kumi hadi kumi na tano za sindano kwa ujumla, yaani shilingi 800,000 hadi 1,200,000 zikisambazwa katika kipindi chote. Uliza makadirio ya saa, usiulize bei ya kikao, maana kikao kinaweza kuwa cha robo saa au cha saa mbili.

Aina ya umeme nayo inaigusa bei. Umeme wa mkondo mmoja hubadilisha chumvi na maji yaliyomo kwenye kinyweleo kuwa kemikali ileile ambayo watengeneza sabuni wetu huiita kostiki, na hiyo ndiyo inayoharibu mzizi. Ni ya uhakika lakini inaweza kula dakika nzima au zaidi kwa unywele mmoja. Umeme wa joto humaliza kazi kwa sekunde chache. Ipo pia njia ya kuchanganya yote mawili, na kwa nywele zetu za kipilipili, ambazo vinyweleo vyake hupinda chini ya ngozi, mchanganyiko huo ndio tuliokubaliana, kwa kuwa kemikali hufika hata pale ambapo sindano iliyonyooka haifiki. Ni wa polepole kuliko joto peke yake, lakini nauli ya kurudia unywele uleule ni ghali kuliko dakika za ziada.

Nauli ndiyo iliyokuwa hesabu yangu kubwa. Basi la Tabora kwenda Dar es Salaam kupitia Itigi na Manyoni ni safari ya siku nzima, na kwenda na kurudi ilinifikia kama shilingi laki moja. Tangu mwaka 2024 inawezekana pia kupanda basi hadi Dodoma, kisha treni ya mwendokasi hadi Dar, jambo linalopunguza uchovu ingawa si lazima lipunguze gharama. Anayeishi Dar anaweza kwenda kila wiki kwa robo saa. Mimi nilimweleza mtoa huduma kwamba ninakuja Kariakoo kuchukua mzigo kila baada ya wiki tano au sita, naye akapanga kikao kirefu cha kuondoa kila unywele unaoonekana katika kila safari, ili kikao kinachofuata kikute nywele zilizotokeza katikati tu. Mpango huo ulikubaliana na ngozi yangu na duka langu, kwa sababu nauli iligawanyika kati ya biashara na matibabu. Malazi nilipata kwa mama mdogo Kimara, ambako sikuwahi kwenda mikono mitupu. Dumu dogo la asali liliingia kwenye bajeti kama gharama nyingine yoyote, na ninamshauri kila anayefikia kwa ndugu aliandike.

Jambo jingine la kujua ni kwamba gharama hazilingani mwezi kwa mwezi. Miezi minne au mitano ya mwanzo ndiyo inayokula saa nyingi, kisha vikao vinafupika. Kwa hiyo katika mchezo wetu wa akina mama niliomba zamu ya mwanzoni mwa mwaka, nikaiweka fedha hiyo kando kwa vikao vya kwanza, na vya baadaye nikavilipa kutoka kwenye faida ya duka.

Kuhusu huduma yenyewe, mtoa huduma ni dada makini. Sindano mpya ilitolewa kwenye pakiti yake mbele ya macho yangu kila mara, na baada ya kazi ikaingia kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali. Sehemu isiyofanya hivyo haifai, kwa sababu ya virusi vya homa ya ini na Ukimwi. Kwa kuwa katika ukoo wetu wapo wanaopata makovu ya kuvimba, alianza na nywele chache chini ya taya, akataka ngozi ipone kabisa kabla ya kuendelea. Maumivu ni ya kuchoma, makali zaidi karibu na mdomo, na dawa ya ganzi ya kupaka ilisaidia kiasi. Unywele uliokufa hutoka kwenye kibano bila kuvutana, ukiwa na kishina cheupe chenye unyevu. Mmoja ulipogoma aliuacha, akaniambia, “Huu haujafa, mama. Ukiung'oa kwa nguvu utarudi.”

Malalamiko yangu ni moja. Saa ya malipo ilikuwa inaanza nikiwa bado ninasafishwa kidevu, na dakika hizo si haba. Nilipoomba ianze sindano ya kwanza inapoingia, walikubali; ingefaa uwe ndio utaratibu kwa wateja wote.

Kati ya vikao ni marufuku kutumia kibano, nta au uzi, kwa sababu unywele uking'olewa sindano haitakuwa na cha kufuata, na ratiba inasogea mbele kwa wiki kadhaa. Kunyoa kunaruhusiwa, ila unaacha siku chache kabla ya miadi ili nywele zishikike, na siku hizo ushungi ulinisitiri. Baada ya kikao ngozi huwa nyekundu na kuvimba kidogo, kwa hiyo sikusafiri siku ileile: nililala Kimara, sikupaka vipodozi, na kesho yake nilikata tiketi ya kiti cha upande wa njia badala ya dirishani, kwa sababu jua juu ya ngozi mbichi ndilo linaloacha madoa meusi.

Sasa shingo yangu imekwisha na kidevu kinahitaji robo saa tu ninapofuata mzigo wa Idi au Krismasi. Kwa anayetoka Kigoma, safari inaanzia mbali zaidi yangu, hivyo omba miadi ya siku mbili mfululizo, siku ya kwanza upande mmoja wa uso na ya pili upande wa pili, na uthibitishe kwa simu kabla ya kukata tiketi.