Salzburg kwa basi la Sound of Music, mwezi wa Januari: nyota tatu, mbili ni za Mondsee

Ziara hii, ya kuzunguka sehemu ilikopigwa filamu ya muziki ya Sound of Music, niliilipia kwa ajili ya Mama. Alikuja kunitembelea Munich, mara yake ya kwanza kuona theluji, na miaka yote aliyofundisha kwaya usharikani Lushoto kila kundi jipya alilianzisha na do-re-mi, ule wimbo wa kwenye filamu. Salzburg kwa treni haifiki saa mbili, tena tiketi ya siku ya jimbo la Bayern inakushusha pale pale stesheni bila kuongeza senti. Nikakosa kisingizio. Tulilala usiku mmoja, asubuhi tukapanda basi.

Ni ziara ya nusu siku, karibu yuro 60 kwa kila kichwa. Kampuni siitaji. Mbele kulishajaa, tukakaa nyuma kabisa, na huko ndiko hita ilikokufa. Nje nyuzi 6 chini ya sifuri, ndani vioo vimejaa ukungu. Mwongozaji anatangaza, "Kule juu ni Nonnberg, konventi ya watawa," sisi tunaona weupe mtupu. Mama akatoa kanga mkobani akawa anafuta dirisha kama kondakta siku ya mvua. Tuliposimama nikamweleza mwongozaji habari ya baridi. Akasema pole sana, akaongeza sauti ya muziki.

Kasri la Leopoldskron unalitazama kutoka ng'ambo ya ziwa, lile ambalo kwenye filamu mtumbwi unapinduka na watoto. Januari ziwa ni barafu. Wazee wa mtaani walikuwa wanasukuma juu yake vitu kama vigoda vya mviringo vyenye mkono uliosimama, wanashindana kukaribia shabaha. Mama kasri hakuliangalia kabisa. "Hawa wanatembea juu ya maji?" Akagusa ukingo kwa ncha ya buti, akarudi nyuma haraka.

Kasri la Hellbrunn lipitie tu. Kile kibanda cha vioo cha wapendanao wa kwenye filamu kipo, kimefungwa, na humo ndani waigizaji hawakuchezea. Sehemu za ndani zilipigwa studio Marekani. Zile chemchemi maarufu za kurushia wageni maji nazo hulala msimu wa baridi. Kwa hiyo tulisimama kwenye theluji tunatazama kufuli.

Mwongozaji nimpe haki yake, hadithi anazijua. Alituonyesha mlima Untersberg, ambao kwenye filamu familia ya Trapp inaupanda kuwakimbia Wanazi, akasema familia ya kweli haikupanda mlima wowote: mwaka 1938 waliondoka kwa treni kwenda Italia. Nyuma ya Untersberg si Uswisi, ni Ujerumani, upande wa Berchtesgaden, alikokuwa na nyumba Hitler. Nilipomtafsiria Mama, akaguna. "Yaani na watoto wote saba wanampelekea mwenyewe?"

Halafu mji mdogo wa Mondsee. Hapa ndipo pesa yangu iliporudi. Kanisa la harusi ya kwenye filamu kwa nje ni la njano, minara miwili. Ndani altari nyeusi zimenakshiwa dhahabu, na njia ya katikati ni ndefu kiasi kwamba unaelewa kwa nini walilichagua. Wenzetu wakakimbilia kupiga picha. Mama akasimama katikati, akavua glavu moja, akapiga kofi dogo, moja tu, akainamisha kichwa kulisikiliza likizunguka juu ya nguzo mpaka likaisha. Akanigeukia akaninong'oneza, "Humu besi wasiimbe kwa nguvu. Watawameza soprano." Nje tukanywa kahawa na strudeli ya tofaa, nzuri, ghali.

Nikienda tena wakati wa baridi, basi la ziara naliacha. Mondsee kuna basi la kawaida la abiria kutoka Salzburg. Nonnberg unapanda kwa miguu. Bustani za Mirabell hazina kiingilio, na hapo ndipo ziara yenyewe ilipoishia. Wenyeji msiwategemee: dada wa mapokezi hotelini alisema filamu hiyo hajaiona, na wala si yeye peke yake, Austria haikuwahi kuwa na mashabiki wengi. Ukishupalia ziara, wahi viti vya mbele, na uvae soksi mbili.

Mirabell chemchemi zilikuwa kavu, farasi Pegasus amebeba theluji mgongoni. Zile ngazi za do-re-mi zilikuwa zimemwagiwa changarawe watu wasiteleze, lakini hazikutosha. Mama akanikabidhi mkoba, akaanzia ngazi ya chini. Do. Re. Mi. Kwenye fa akayumba nikamdaka kiwiko, naye hakukatisha, akaenda hadi do ya juu. Mjapani mmoja akampigia makofi. Video niliituma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na jibu la kwanza likatoka kwa kijana wa sauti ya tena: "Mwalimu, mbona unatoa moshi mdomoni?"