Uzoefu wangu na ditekta ya mtumba: Ruangwa ililia, Mtwara ikanishinda

Ditekta hii, mashine ya kutafutia metali chini ya ardhi, niliinunua mtumba kwa laki tisa, na sasa inaingia mwaka wa pili. Ni ya masafa mamoja ya mawimbi, kilohezi 15, na koili yake, ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya udongo, ni ya umbo la yai. Jina silitaji, maana nyingi za daraja hili tabia ni moja. Aliyeniuzia alifukia shilingi mia kwenye mchanga wa ujenzi mbele ya duka, ikalia vizuri, nikalipa. Mchanga wa ujenzi hauna ubishi. Hilo hakunieleza.

Wiki iliyofuata nikapanda nayo Ruangwa, upande wa Namungo, kwa mzee mmoja mwenye leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu. Udongo wa pale kwake ni mwekundu, una changarawe nyingi za chuma. Kuiwasha tu, ikaanza kulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Hadi saa nne asubuhi nilikuwa nimechimba mashimo saba, na kilichotoka ni vijiwe vyeusi vizito, saizi ya korosho, ambavyo ukivipitisha mbele ya koili vinalia kama mali. Mzee alikuwa amekaa chini ya mkorosho, ananitazama.

"Mwanangu, hiyo mashine inaogopa udongo?"

"Bado hawajazoeana, mzee."

Nilisema kwa utani, kumbe ndiyo jibu lenyewe. Udongo wenye chuma nao unarudisha mawimbi, kwa hiyo lazima uifundishe mashine kuunyamazia. Tafuta kipande kisafi, kama upana wa mkeka, ukipitie kwanza usije ukasawazishia juu ya msumari. Kisha shikilia kitufe cha kusawazisha huku ukipandisha na kushusha koili kama anayetwanga, ikikaribia ardhi bila kuigusa. Mlio ukiwa uleule kupanda na kushuka, achia. Kwenye yangu kipimo ni 0 hadi 99: namba kubwa ni chuma cha ardhini, ndogo ni chumvi. Kwa mzee ilisimama 84. Tukashuka bondeni kwenye mfinyanzi, ikaanza kunung'unika tena; nikasawazisha upya, ikaja 60 na kitu. Hatua mia mbili tu hizo!

Kosa langu la pili lilikuwa usikivu. Niliuweka mwisho kabisa, kwa akili ya redio: ukitaka kusikia mbali, ongeza. Kwenye udongo ule, ukiongeza unasikia udongo. Nilikuwa na chubwi ya mshipi mfukoni, nikaifukia kama sentimita 12. Usikivu ukiwa juu, mlio wake ulimezwa na kelele. Nikashusha kutoka nane hadi tano, ikasikika peke yake, safi. Nikazima na kile kichujio cha vyuma, kinachonyamazia misumari na chuma chakavu, kwa sababu kwenye udongo mkali hata dhahabu ikiwa chini kidogo mashine huweza kuidhania msumari na kuinyamazia. Siku tatu, nikapata kipande kimoja, hakikuzidi punje ya mchele. Mzee alikitazama muda mrefu kuliko mimi.

Nachingwea, kando ya tuta la ile reli ya mradi wa karanga wa Waingereza iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, udongo haukunisumbua sana. Shida ilikuwa vyuma chakavu kila hatua, na hapo kichujio unakiwasha, hakuna namna.

Mtwara ndiko iliponishinda. Shemeji alipoteza pete ufukweni Shangani, akanipigia akiwa na uhakika kuwa shemeji yake ana mtambo. Mchanga mkavu, kimya, raha tupu. Maji yalipokupwa tukaingia kwenye mchanga mbichi, ikachachamaa. Chumvi inapitisha umeme, na pete nyembamba ya dhahabu inajibu karibu sawa na chumvi yenyewe. Nilisawazisha ikashuka chini ya 10, ikatulia, halafu wimbi moja likapita na kelele zikarudi. Nikashusha usikivu hadi tatu, nikainua koili kidogo, nikatembea kama mgonjwa. Nikapata vizibo na ndoana, pete hapana, mpaka maji yakajaa. Kwa kazi hiyo ilitakiwa mashine ya masafa mengi kwa pamoja, au ile inayotuma mawimbi kwa mapigo.

Basi kwa bara naipa nne kati ya tano, ufukwe mbichi moja, na hiyo moja ni kwa vizibo. Wanaonishawishi niende nayo Kilwa Kisiwani, hapana: pale ni urithi wa dunia tangu 1981, na mambo ya kale hayachimbwi bila kibali.

Chubwi ile bado ninayo. Nikifika mahali papya naifukia kwanza yenyewe, naipita mara tatu, na nisipoisikia sianzi kazi.