Uzoefu wangu na Tascam CD-RW901MKII: kurekodi maulidi na ngoma Mtwara

Kwa sisi tunaorekodi shughuli Mikindani na Mtwara mjini, mashine ya kurekodi CD ikaguliwe kwanza mgongoni. Tascam hii ina matundu ya XLR (plagi za pini tatu) ya kuingiza na kutoa sauti, juu ya yale ya RCA tuliyoyazoea kwenye redio za nyumbani, na tofauti inasikika. Kwenye maulidi mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) hukaa mbali, kebo zinapita kando ya nyaya za taa na jenereta, na ukitumia RCA ule mvumo wa umeme unaingia kwenye rekodi. Kebo ya XLR hubeba sauti ileile kwenye nyaya mbili, mmoja ukiwa umegeuzwa. Uchafu wa njiani huingia sawasawa kwenye zote mbili, kwa hiyo mashine ikizilinganisha uchafu unafutika. Dufu linabaki safi, hata pumzi ya msomaji unaisikia.

Kipimo ni kile cha CD zote: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili. Biti 16 zinatoa nafasi ya kama desibeli 96 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Kwa kaswida inatosha na kubaki. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, ndiyo inayotaka macho, maana wapigaji wakipandisha ngoma kiwango kinaruka ghafla, na rekodi ya dijitali ikivuka sifuri, yaani kikomo cha juu cha kipimo, ncha za sauti hukatwa. Mkwaruzo wake hautoki tena. Mimi huwaomba wapige kwa nguvu zote kwanza, kisha naweka kilele desibeli 12 chini ya sifuri. Tuliokulia kwenye kaseti tulizoea kusukuma sindano hadi kwenye nyekundu. Hapa usithubutu.

Diski ya megabaiti 700 inachukua dakika 80. Maulidi ya usiku yanazidi hapo, basi panga mapema pa kubadilishia. Mimi hubadilisha kabla watu hawajasimama kumsalia Mtume, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo kila mtu ataiulizia.

Inapokea CD-R (diski tupu za kurekodia) za kawaida za kompyuta, wakati mashine nyingi za nyumbani zilidai diski maalumu za muziki zenye bei kubwa.

Sasa umeme. CD-R isiyofungwa, yaani isiyomaliziwa kwa “finalize”, haisomeki kwenye redio ya kawaida, na umeme ukikatika katikati ya kurekodi unaweza kupoteza wimbo mzima. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya kununua, bei ya UPS (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika) iwe humohumo. Hilo nalisisitiza kuliko yote.

Vijana huniuliza kwa nini situmii kinasa kidogo cha memori kadi. Vingi vinarekodi kwa biti 24, na nikienda vijijini Newala ningebeba hicho, kwani hii inakula nafasi mbili za raki (fremu ya kufungia vyombo vya sauti) na inataka umeme wa ukutani. Lakini wenye shughuli wanapenda kuondoka na kitu mkononi, na hapa diski naifunga na kuwakabidhi palepale. Nawaambia waiweke mbali na jua, kwa sababu joto na mwanga huharibu ile rangi inayobeba sauti.

Ukipata iliyotumika, mwambie muuzaji arekodi CD-R mpya mbele yako, aifunge, kisha muicheze kwenye redio nyingine kabla hujatoa hela.