Mint kwenye laptopu kuukuu: miezi mitano Kakamega

Laptopu yangu ilikuwa na tabia moja. Nikishaiwasha, naenda jikoni kuinjika chai, nachuja, narudi na kikombe mkononi, nayo bado inazungusha vile vidoti vyake. Niliinunua mitumba kama zilivyo laptopu nyingi hapa mjini: prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, diski ya GB 500 ya aina ile ya zamani inayozunguka. Ni mashine ya mwaka 2013 hivi, lakini kibodi yake tamu na kioo hakina mkwaruzo. Kazi ninayoipa si ya ajabu. Maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, alama za Gredi ya Nne, hesabu za chama chetu cha akina mama, na filamu Jumamosi usiku watoto wakishalala.

Fundi niliyempelekea alinishauri nitafute nyingine. Hakunidanganya. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba 14 Oktoba 2025 ndiyo siku ya mwisho ya kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu ya tatu. Nilimwuliza kama hakuna namna nyingine, akacheka.

Namna nyingine ilikuja na mtoto wa kaka yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale Lurambi. Ilikuwa likizo ya Agosti 2025. "Senje," akaniambia, maana shangazi kwetu ni senje, "hii laptopu haijazeeka. Imebebeshwa tu mzigo wa wenzake." Akatoa flashi mfukoni. Ndani yake alikuwa ameweka Linux Mint.

Kwa asiyeijua: Mint ni mfumo endeshi kamili unaokaa mahali pa Windows, haulipiwi, na umekuwako tangu mwaka 2006. Unatolewa kwa sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce. Tulichukua Xfce kwa sababu ndiyo nyepesi. Wenyewe wanasema RAM GB 2 inatosha ila GB 4 ndiyo raha, na diski isipungue GB 20. Toleo tuliloweka ni 22.1, Xia. Baadaye likaja 22.2, Zara. Matoleo yao huyapa majina ya kike, jambo ambalo nililipenda bila sababu yoyote ya maana.

Faili ya kupakua inakaribia GB 3, kwa hiyo usiipakue kwa bando la siku. Kijana aliipakua chuoni, kisha akanikalisha tuikague kwa kulinganisha zile tarakimu ndefu za sha256, ambazo ni kama alama ya kidole ya faili, na zile zilizo kwenye tovuti ya Mint. Niliona ni mbwembwe mpaka aliponieleza kisa cha Februari 2016: wadukuzi waliingia tovuti ya Mint na kuwaelekeza watu kwenye faili iliyotiwa mlango wa nyuma wa kuingilia kompyuta kwa siri. Faili ikibadilishwa, tarakimu zake nazo hubadilika. Dakika mbili hizo usizionee uchungu. Faili ikishapita, inaandikwa kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya bure kama balenaEtcher au Rufus. Kuburuta na kuweka tu hakusaidii, laptopu haitawaka nayo.

Sasa jambo lililonishawishi. Unaweza kuiwasha laptopu kutoka kwenye flashi hiyo, kwangu kwa kubonyeza F12 inapoamka, ukaitumia Mint nzima bila kugusa chochote kilicho kwenye diski. Nilikaa nayo hivyo siku mbili. Nilijaribu Wi-Fi, sauti, kamera, na kuunganisha intaneti ya simu kwa waya wa USB, nikachomeka printa. Flashi ni nzito kuliko diski, usiihukumu kwa kasi. Unachotafuta ni kama vifaa vyako vinatambuliwa. Wi-Fi ingekataa, ningemrudishia kijana flashi yake na maisha yakaendelea.

Siku ya tatu tukaamua kufuta Windows. Kwanza nilihamisha kila kitu kwenye diski ya nje: picha, hati za shule, daftari la chama. Nikafungua picha kadhaa pale pale kuhakikisha zimefika kweli, maana kunakili na kufika ni mambo mawili. Tukaanza kusakinisha saa tisa na nusu alasiri.

Anayeijua Kakamega ameshaanza kucheka. Saa tisa na nusu, Agosti! Wingu lilitoka upande wa msitu, radi ikapiga mara moja, stima ikaenda. Betri yangu huishi dakika kumi na tano ikijikaza. Kijana alikimbia huku na huku akitafuta jirani mwenye jenereta, na laptopu ikazima mstari wa kusakinisha ukiwa umepita nusu. Usiku huo nililala sina Windows wala Mint. Stima ilirudi alfajiri, tukachomeka flashi na kuanza upya, na ndani ya nusu saa tukawa tumemaliza. Hakuna kilichopotea kwa sababu kila kitu kilikuwa kwenye diski ya nje. Ila nisingependa kuurudia usingizi ule.

Matokeo? Kutoka kubonyeza kitufe hadi kufungua kivinjari ni kama dakika moja, na kabla sijafungua kitu RAM inayotumika haifiki GB 1. Chai siku hizi inapoa nikifanya kazi. Lakini Mint haibadilishi chuma. Nikifungua vichupo kumi na viwili vya Firefox, viwili vikiwa video, ile kohoa-kohoa ya zamani inarudi, kwa kuwa tovuti za leo zinakula RAM popote ulipo. Na diski inayozunguka itabaki inazunguka. Kijana anasema nikiibadilisha kwa SSD, diski isiyo na kinachozunguka, nitaona tofauti kubwa kuliko hii yote, na naanza kumwamini.

Kazi za shule nazifanya kwa LibreOffice, programu za ofisi kama Word na Excel, ambayo inakuja ndani ya Mint tayari. Hapa nina maneno mawili. Hati za kawaida zinafunguka sawa. Pale palipokuwa na Times New Roman panakaa fonti ya Liberation yenye upana uleule, hivyo mistari haihami. Kwa Calibri niliongeza fonti iitwayo Carlito kutoka kwenye kidhibiti cha programu. Jedwali lenye visanduku vya maandishi vilivyopandiana, kama yale maandalio tunayorithishana tangu enzi za nani sijui, ndiyo huvurugika. Dawa yangu: naiweka LibreOffice ihifadhi kwa docx, muundo wa Word, bila kuniuliza, na kinachoenda kwa mwalimu mkuu nakitoa kama PDF, ambayo LibreOffice inatengeneza yenyewe.

Kilichonishinda ni lile jedwali la Excel la kuchanganua matokeo tulilopewa na shule jirani. Lina makro, yaani amri za Excel zinazojiendesha. Kwangu linafunguka, nikibonyeza kitufe cha kupanga nafasi linaniangalia tu. Hilo nalifanyia kwenye kompyuta ya shule. Kama duka lako linaendeshwa kwa programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa Windows, basi usifute Windows kwa sababu mimi nimefurahi. Kisakinishi cha Mint kina njia ya kuziweka zote mbili kwenye diski moja, uchague unapowasha.

Printa ilitambuliwa yenyewe na inachapisha. Skana iliyo juu ya printa hiyohiyo imekataa katakata, na kijana ameipigania wikendi mbili. Vyeti navipiga picha kwa simu.

iTax ya kodi, eCitizen ya huduma za serikali, na P9 yangu (fomu ya kodi ya mshahara) ya TSC, tume ya walimu, vyote ni mambo ya kivinjari, havijali uko kwenye mfumo gani. Filamu, programu ya VLC inacheza kila nilichoirushia. Binti yangu wa Gredi ya Pili amejaza Tux Paint, programu ya kuchora, ng'ombe wa zambarau.

Lakini lililonipa jina shuleni ni flashi.

Mwalimu yeyote huku anaujua ugonjwa huu. Unaenda saiba kuchapisha mtihani, unarudi, unachomeka flashi kwenye kompyuta ya shule, na mafolda yako yote yamegeuka njia za mkato. Ukibonyeza moja hupati hati, na pengine umekiamsha kirusi kihamie kwenye kompyuta. Mwenzangu mmoja alikuwa karibu kulia: mtihani wa muhula mzima, na kijana wa saiba alikuwa amemwambia afomati tu. Nikamwambia, Madam, lete kwanza hapa.

Nilipoichomeka kwenye Mint, njia za mkato zilikuwapo, na pembeni yake kulikuwa na folda isiyo na jina. Nikaifungua. Mtihani wote ulikuwa umekaa ndani. Kirusi cha aina hii mara nyingi hakifuti kitu. Kinayabandika mafaili alama ya kufichwa ambayo Windows inaitii, kisha kinaweka njia za mkato mahali pake. Mint kwa kawaida haiijali alama hiyo, kwa hiyo inakuonyesha vitu vilivyopo. Na zile faili za kirusi, za lnk (njia za mkato) na vbs (amri), zimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Mint zinalala tu. Nikanakili hati kwenye laptopu, nikaifomati flashi, nikazirudisha hati peke yake bila ule uchafu. Dakika tano.

Asiye na Mint naye ana njia. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Alama ya kufichwa inaondoka, mafaili yanaonekana. Kirusi chenyewe kinabaki hapo, kwa hiyo nakili hati zako tu, kisha usafishe kwa antivirusi. Na usifomati kabla hujazitoa, hata akuambie nani.

Tangu siku hiyo mezani kwangu hapakosi flashi ya mtu yenye karatasi imefungwa kwa mpira, "Mwalimu tafadhali". Sitozi, ila nimekunywa soda nyingi. Pia nimewaambia wazi kwamba Mint haikukingi dhidi ya kila kitu. Ukiandika nywila yako kwenye tovuti ya matapeli, umeiandika, hata ungekuwa kwenye mfumo gani.

Masasisho nitayasifu. Kidhibiti chake kinakuonyesha yaliyopo pamoja na ukubwa wake, kisha kinakungoja. La kwanza lilikuwa zaidi ya MB 500, nikalisubirisha mpaka nilipofika penye Wi-Fi. Hata kutoka Xia kwenda Zara nilibonyeza mwenyewe, kwa wakati wangu, baada ya kupiga nakala ya mfumo kwa Timeshift ambayo imo ndani. Angalia, Timeshift kwa kawaida inahifadhi mfumo, si picha zako. Nakala zake pia zinakula diski, nimeziwekea kikomo cha tatu.

Jumatatu naibu wa mwalimu mkuu aliingia chumba cha walimu na laptopu yake imezungushwa leso, mvua isiiguse. Amesema anataka "ile ya Zara". Nimemuuliza kama picha zake zina nakala mahali pengine, akanyamaza. Basi ameenda kununua diski ya nje, na miadi yetu ni Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla ya mawingu.