Kuendesha pikipiki hadi porini, au kuivuta kwa trela?
Huna pikapu? Pikipiki ya lami na porini ina taa na namba, kwa hiyo unaweza kuwasha na kuondoka. Tatizo ni kwamba lami hula haraka tairi za kashata, zile zenye meno makubwa, na ukifika inabidi upunguze upepo hadi karibu psi 15, kisha ujaze tena kabla ya kurudi. Beba pampu. Na mkono wa klachi ukivunjika huko, utarudije?

Safari ikiwa ndefu, mimi nachagua trela ndogo nyuma ya gari la kawaida. Funga mikanda miwili mbele, ukaze mpaka shokapu zibonyee kiasi, zisifike mwisho. Gari dogo lisibebeshwe pikipiki kwenye ndoano ya nyuma ya kuvutia trela: uzito wote wa pikipiki, kama kilo 130, utaning'inia hapo, ilhali trela hubeba sehemu kubwa kwa magurudumu yake.