Tathmini ya Unga wa Dehidrojenasi ya Alkoholi Kutoka Ini la Farasi

Kwa kufundishia jinsi ini linavyobadili kemikali, unga huu wa kimeng'enya kinachooksidisha alkoholi unastahili sifa, kwani ukiongezewa ethanoli na koenzimu ya NAD+ (molekuli msaidizi inayopokea elektroni) huanza kazi mara moja, na NADH inayozalishwa, yaani NAD+ iliyokwisha kupokea elektroni, hupimika vizuri kwenye spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa) kwa mwanga wa nanomita 340. Ukitiwa fomepizoli, dawa inayotumiwa kutibu sumu ya methanoli, mmenyuko hufifia mbele ya macho ya wanafunzi, nami sijui onyesho lililo bora kuliko hilo.

Upungufu uko kwenye steroidi, kundi la kemikali linalojumuisha homoni nyingi. Kimeng'enya cha farasi kina vijenzi vya aina mbili, E na S, na ni S hasa kinachooksidisha baadhi ya steroidi zenye hidroksili (kikundi cha OH) kwenye kaboni ya tatu. Hata hivyo lebo haisemi chupa ina kiasi gani cha kila kimoja, jambo ambalo kwa mtafiti ni kasoro kubwa. Anayetaka kuchunguza dawa ya steroidi ya prednisoni inavyogeuzwa kuwa prednisoloni asiununue kabisa, kwa sababu kazi hiyo ni ya kimeng'enya kingine cha ini, 11β-hidroksisteroidi dehidrojenasi aina ya 1, ambacho hutumia koenzimu nyingine, NADPH.